Vita vya Lincoln vilikuwa na mwisho

Kila rais wa Marekani anapotuhumiwa kuvuka mipaka ya madaraka yake, hakosi mtetezi wa kumtaja Abraham Lincoln. Ni kweli kwamba mnamo Aprili 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza na miezi miwili haijatimia tangu aapishwe, Lincoln alisimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya jaji, na Jaji Mkuu Roger Taney alipotamka kwamba uwezo huo ni wa Bunge, rais hakumtii. Wasichokitaja watetezi hao ni yaliyofuata. Julai mwaka huohuo Lincoln alilieleza Bunge, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliita likutane, alichokifanya na sababu zake. Mwaka 1863 Bunge likatunga sheria ya kumruhusu. Na mwaka 1866, vita vikiwa vimekwisha, Mahakama ya Juu ikaamua katika shauri la Milligan kwamba raia hawezi kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kawaida zinafanya kazi.

Vita vya leo havina mwisho kama huo. Azimio la Bunge la Septemba 2001, lililomruhusu rais kutumia jeshi dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11 na kupingwa na mbunge mmoja tu, Barbara Lee wa California, halina tarehe ya kukoma. Mwaka 2016 serikali ya Barack Obama ilitangaza kwamba azimio hilo linaihusu pia Al-Shabaab ya Somalia, kundi ambalo halikuwa limeundwa kura ilipopigwa. Huo si uamuzi wa wabunge wa 2001, hata usomwe vipi.

Machi 2025 Donald Trump alikwenda mbali zaidi. Sheria ya maadui wa kigeni ya mwaka 1798, iliyotumika hapo awali katika vita vilivyotangazwa na Bunge tu, aliielekeza kwa Wavenezuela waliodaiwa kuwa wa genge la Tren de Aragua, akiliita genge hilo wavamizi.

Hata hivyo, lawama zangu kubwa naziweka kwa Bunge. Sheria ya mwaka 1976 kuhusu hali ya dharura, ambayo rais huitangaza ili apate madaraka ya ziada, ililipa uwezo wa kuifuta dharura bila saini ya rais, lakini baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1983 uliobatilisha kura za Bunge za namna hiyo zisizopitia kwa rais, uwezo huo ulitoweka, nalo halikuweka kinga nyingine ya maana. Ndiyo maana mwaka 2019 mabaraza yote mawili yalipopiga kura kufuta dharura aliyoitangaza Trump ili apate fedha za ukuta wa mpaka na Mexico, yeye aliupinga uamuzi huo kwa kura ya turufu, na theluthi mbili za kumshinda hazikupatikana. Dharura ingepaswa kufa yenyewe baada ya siku 30, isipokuwa wabunge wameiidhinisha kwa kura, kila mmoja akijulikana alikosimama.