Wema ulikuwa wa dada wa kibandani

Huwa inapita kwenye makundi ya WhatsApp simulizi ya aina moja: mtu amepigia kampuni kubwa ya teknolojia akiwa na shida, akapokelewa na mhudumu mwenye utu, akasaidiwa kuliko alivyotarajia. Chini yake watu wanamwaga mioyo na kuandika "hii ndiyo huduma". Simulizi hizo nyingi naziamini. Nisichokiamini ni sentensi ya mwisho, ile inayodai kwamba kwa hiyo kampuni inawajali wateja wake.

Mwaka 2011, iPad 2 ilipokuwa mpya madukani Marekani, ilienea habari ya mteja aliyeirudisha ya kwake ikiwa na kikaratasi: mke wangu amekataa. Inasimuliwa kuwa wakubwa wa Apple walifurahi, wakamrudishia kifaa chenyewe pamoja na ujumbe: Apple imekubali. Inapendeza, na huenda ilitokea hivyohivyo. Lakini gharama yake kwa kampuni ilikuwa kifaa kimoja, na sifa yake imezunguka dunia bila kulipiwa tangazo. Mteja mwingine aliyerudisha mzigo wiki ileile hakupata lolote kutokana nayo.

Desemba 2017 Apple hiyohiyo ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Sababu ya kiufundi ilikuwepo. Wenye simu ndio hawakuwa wameelezwa waziwazi, kwa hiyo mtu aliona simu yake inazidi kuwa nzito, akadhani imezeeka na imefika wakati wa kununua nyingine, kumbe betri mpya ingemtosha. Baada ya kelele, bei ya kubadilishiwa betri ilishushwa kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja Marekani. Nikitaka kujua kampuni inavyomtendea mteja, naanzia kwenye betri. Kikaratasi kilimhusu mtu mmoja.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, anajulikana kwa kusoma barua pepe za wateja na kuzipeleka kwa wasaidizi wake zikiwa na alama moja tu ya kuuliza. Aliwahi kusema kwamba visa vya wateja vikipingana na takwimu, mara nyingi visa ndivyo vinavyokuwa sahihi. Nakubaliana naye. Ila barua zile zilikuwa za malalamiko. Lalamiko la mtu mmoja linaonyesha tundu ambalo wengine nao watatumbukia, na waliopokea ile alama ya kuuliza walitakiwa kueleza tundu limetokea wapi. Sifa ya mtu mmoja haionyeshi tundu. Wakati mwingine inalifunika.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania jambo hili lina sura yake, na ndiyo inayonikera hasa. Anayekuhudumia si mwajiriwa wa kampuni ya simu. Kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, ni wakala wa pesa za simu kwenye kibanda, au kijana wa kusajili laini chini ya mwavuli, au fundi simu aliyekodi nusu ya fremu. Anaishi kwa kamisheni au kwa kazi ya mkono wake.

Nilikuwa Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka, mama mmoja muuza viazi alipotuma pesa ya gari kwenye namba ya mtu asiyemjua. Alipiga huduma kwa wateja, muziki ukalia, salio la uvumilivu wake likawa linakwisha huku gari likimsubiri. Dada wakala akachukua simu yake mwenyewe, akampigia aliyepokea ile pesa.

"Shikamoo baba. Hela iliyoingia kwako sasa hivi ni ya mama yetu hapa, ya kulipia gari la viazi. Tunakuomba usiitoe."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Mwambie mama atulie."

Ndipo dada akaanza kuhangaika na kampuni ili muamala urudishwe, na ukarudi. Muda wote huo foleni ilikuwa inamnung'unikia, na wengine wakahamia kibanda cha jirani. Kamisheni yake inatokana na kuweka na kutoa pesa. Kumsaidia mtu asipoteze mtaji wake hakumwingizii kitu.

Pesa ile iliokolewa na watu wawili: dada ambaye kampuni haimlipi mshahara, na mzee ambaye angeweza kuitoa yote na kuzima simu. Kisa hiki kikiandikwa mtandaoni, nembo ya kampuni ndiyo itakayowekwa juu yake. Mzee angekuwa mwizi, mama angeambiwa mwenyewe alikosea namba. Naona hiyo si haki, na naona ni wajibu wetu tunaoandika kumtaja aliyefanya wema kwa kazi yake halisi: wakala, fundi, mzee wa upande wa pili wa simu.

Haki ya mteja haipaswi kutegemea nani amepokea simu siku hiyo. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ina ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, na mteja asiyeridhika na majibu ya kampuni yake anaweza kulifikisha lalamiko huko. Tangu Machi 2017 anaweza pia kuhamia mtandao mwingine akabaki na namba yake ileile. Mambo haya hayamtoi mtu machozi, lakini yanamfaa hata asiye na wafuasi mtandaoni wala ndugu ofisini.

Kampuni ikitaka niisifu, ituambie mwaka jana ilipokea malalamiko mangapi ya pesa zilizopotea njia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe, mangapi yalimalizika kwa mteja kurudishiwa, na baada ya siku ngapi. Taarifa hiyo nitaisambaza kwenye kila kundi nililomo.