Lami iishie Mang'ula

Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Udzungwa kumekuwa rahisi kwetu: treni hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara hadi Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Nafurahi kuona watu wa hapa mjini wakienda. Kinachonipa wasiwasi ni manung'uniko wanayorudi nayo. Mbona hakuna barabara ya kupanda juu? Mbona hakuna hoteli kule kwenye maporomoko?

Naomba zisijengwe kamwe.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake mgeni hutembea kwa miguu. Humo anaishi mangabe wa Sanje, jamii ya nyani ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1979 tu, na ambayo haipatikani kwingineko duniani nje ya milima ya Udzungwa. Barabara ikiupasua msitu ule, jua na upepo vitaingia palipokuwa na kivuli na unyevu, na nyuma yake watafuata wenye misumeno.

Wanaodhani natia chumvi waikumbuke Kihansi, kwenye safu hiyohiyo ya milima, ingawa iko nje ya hifadhi. Mwaka 1996 aligunduliwa pale chura mdogo anayezaa watoto hai, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakachepushwa kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Lakini chura yule alinyang'anywa unyevu, kisha akapatwa na ugonjwa wa kuvu; hakuna aliyemkanyaga. Sasa sisi tunataka kuhatarisha unyevu kwa ajili ya vyumba vya kulala?

Hata miguu yetu ina gharama. Njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kama mita 170, ikilowa watu hukwepa tope kwa kupita pembeni. Kesho yake pembeni nako ni tope. Njia inapanuka, udongo unaondoka, mizizi inabaki nje. Fedha ziende hapo kwanza: ngazi imara, mitaro ya kutoa maji njiani, kingo za kushika kwa wazee wetu, na vyoo safi vinavyonyonywa kabla havijajaa. Choo si anasa, jamani. Pasipo choo, watu hujisaidia vichakani juu ya mito ambayo watu wa chini wanachota.

Hoteli, migahawa na maegesho ya mabasi vibaki Mang'ula na vijiji jirani. Hili kwangu ni suala la haki kuliko hata la mazingira. Zamani wanakijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa ili msitu upone. Mama wa kijiji cha Sanje akalazimika kutafuta kuni kwingine au kununua mkaa. Huwezi kumzuia yeye asiokote kijiti kikavu, halafu ukamruhusu mwekezaji aangushe miti mibichi ili mgeni apate mandhari nzuri dirishani. Hoteli ikijengwa kijijini, mgeni atatembea saa chache kuyafikia maporomoko, na mtoto wa mama yule atakwenda kazini kwa baiskeli.