Shemeji Atalala Wapi?

Mwanamume aliyeoa Rombo anajua kwamba wiki ya Krismasi ikikaribia ni lazima aikanyage barabara ya Moshi, awe na fedha au hana, na akifika huko ni lazima aonekane ameshiba. Hayo nimeyazoea. Tiketi za basi tunazikata mapema kabla bei hazijapanda, vitenge vya mama mkwe tunavichukua Kariakoo kwa mali kauli, na msichana wa kazi tunampa nauli yake aende kwao Singida. Jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha, si jandoni wala katika semina ya ndoa, ni namna ya kumtafutia paka mahali pa kulala wakati wenye nyumba hawapo.

Paka mwenyewe anaitwa Shemeji. Jina hilo nilimpa mimi, na sababu zangu zilikuwa za haki kabisa: alikuja nyumbani kwetu Tabata kutembea, akala, akalala kwenye kochi, na hakuondoka tena, hachangii chochote, na chakula kikichelewa hununa. Mdogo wake mke wangu, ambaye naye alikuja kwetu kutembea, hakulipenda jina hilo, lakini hakutoa hoja yoyote ya maana ya kulipinga. Usumbufu pekee ni kwamba yeye huniita mimi shemeji, nami humwita yeye shemeji, kwa hiyo mtu akitamka neno hilo sebuleni hugeuka vichwa vitatu.

Ukiwaeleza watu wa mtaani kwetu kwamba unatafuta pa kumwacha paka, watakutazama kama uliyetangaza kumkatia bima mjusi. Wote watakwambia kwamba paka anajitafutia, na kwamba ana roho ya paka, hafi ovyo. Mimi Shemeji namjua. Tangu aanze kula dagaa wa Mwanza waliochambuliwa vichwa, hajawahi kujitafutia kitu chochote isipokuwa kivuli. Panya akipita, humtazama kwa heshima kama jirani aliyechelewa kazini. Kumwacha uani na sufuria ya ugali hakufai, kwa sababu paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na ugali mtupu humjaza tumbo bila kumlisha.

Mke wangu alipendekeza twende naye. Nilimwuliza kama amewahi kuwatazama kwa makini abiria wa basi la usiku. Kuku wakiwekwa ndani ya tenga hakuna anayeuliza, lakini Shemeji ni mweusi tii isipokuwa alama nyeupe shingoni, na paka wa namna hiyo akilia saa nane ya usiku mahali fulani kati ya Mombo na Same, taa zikiwa zimezimwa, abiria hawatamwuliza dereva kuna nini. Watamwuliza mwenye kikapu katokea mkoa gani, na kabla hajajibu watakuwa wameshakemea pepo na kumshusha yeye pamoja na vitenge vya mama mkwe.

Nikamwendea mzee jirani yetu, mtu wa Tanga, mstaafu na mtulivu, ambaye kila alasiri huketi barazani na hupenda kumpa Shemeji miiba ya changu. Nilidhani jambo limekwisha. Mzee akavua kofia, akaniambia taratibu kwamba paka ni kiumbe kipenzi, kwamba hata sahaba mmoja wa Mtume aliitwa Abu Huraira kwa sababu ya paka wake, lakini kwamba iko pia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajilie wadudu wa ardhini. “Mwanangu,” akasema, “mimi umri umekwenda na madeni yangu mengine Mola anayajua. Sitaki nifike kule niambiwe kuna faili la paka wa mchaga.” Nilitaka kumfafanulia kwamba mchaga ni mke wangu tu, lakini niliona kwamba marekebisho hayo yasingebadilisha uamuzi.

Ndipo nilipoanza kutafuta wanaohifadhi wanyama kwa malipo. Simu ya kwanza ilinikuta ndani ya daladala eneo la Buguruni, na kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma na mtu wa upande wa pili alikuwa ananiuliza maswali mfululizo, nililazimika kujibu kwa sauti. Nikasema kwamba ndiyo, Shemeji ana umri wa miaka minne hivi. Kwamba amehasiwa tangu mwaka jana. Kwamba tangu ahasiwe amenenepa, na ule ugomvi wake wa usiku umepungua sana. Na kwamba akifungiwa chumbani peke yake hukojolea mapazia. Konda aliacha kudai nauli. Mama aliyekaa kando yangu alivuta mkoba wake taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama upande wa mke ulishirikishwa.

Mahali pale palipotoa majibu mazuri ya simu palikuwa kando ya barabara ya Bagamoyo, na nilipofika niligundua kwamba ni pa mbwa, na paka hupokewa kama mchele unavyopokewa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Banda la paka lilikuwa kizimba cha waya kilichowekwa juu ya meza, na mbele yake, hatua chache tu, walifungwa mbwa watatu aina ya German Shepherd ambao kila mgeni alipopita waliruka hadi mnyororo ukawarudisha. Nilimwuliza kijana wa zamu kama paka hawaogopi. Akanijibu kwamba siku mbili za kwanza hawali, kisha huzoeana.

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia hofu kuliko mbwa wenyewe. Daktari wa mifugo anayemtibu Shemeji, ambaye kwa kawaida hushughulika na kuku wa mayai na kila nikifika hutabasamu kabla sijasema shida yangu, alikwisha kunionya kwamba paka, hasa aliyenenepa, hatakiwi kukaa siku mbili tatu bila kula. Njaa ikimkuta, mwili wake huanza kuyasafirisha mafuta kwenda kwenye ini kwa wingi ambao ini haliumudu, na ini likishajaa mafuta linaweza kushindwa kazi hata kama chakula kimepatikana. Binadamu mnene akikosa chakula siku mbili tunampongeza. Paka mnene tunamkimbiza hospitali. Nikamwuliza kijana wanafanyaje mnyama akipata homa usiku. Akasema humpa nusu kidonge cha dawa ya maumivu, ile ya kawaida ya dukani, parasetamoli. Sikuaga. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumwua.

Mahali pa pili palikuwa upande wa Masaki, na huko hata mlinzi alizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Nilikaribishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikapewa maji ya chupa na karatasi ya bei. Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2025 kutaja bei za humu nchini kwa fedha za kigeni, wenyewe walikuwa wametii kwa kuzipaka alama za dola wino mweupe na kuandika shilingi juu yake kwa kalamu, na ukiielekeza karatasi dirishani, alama ya dola ilionekana vizuri ikiwa imejificha chini, ikisubiri sera ibadilike. Usiku mmoja wa Shemeji ulizidi usiku wangu mimi katika gesti yoyote niliyowahi kulala, na gesti zangu zilikuwa na televisheni.

Nilielezwa kwamba kuna tangi la samaki kwa ajili ya paka kutazama, kwamba kila jioni wageni wote hukusanywa ukumbini ili wachangamane, na kwamba picha hutumwa kwa WhatsApp. Nilipouliza kuhusu huko kuchangamana, dada wa mapokezi akasema kwamba paka hupenda marafiki. Sijui ni paka gani aliwaeleza hivyo. Shemeji amekaa na familia yangu miaka yote hiyo na bado hajaamua kama anatupenda. Leo umwingize ukumbini na paka kumi wasiojuana, kila mmoja akiamini kwamba ukumbi ni wake, halafu upige picha. Nikaomba nionyeshwe wanapolala. Nikaambiwa kwamba wageni hawaruhusiwi kuingia vyumbani kwa sababu ya faragha ya wateja. Nikauliza faragha ya nani. Nikajibiwa, bila tabasamu, kwamba ni ya paka.

Lakini kilichoniondoa pale si bei wala faragha, ingawa bei ilikuwa imekwisha kuanza kuniondoa. Ni kwamba katika maswali yote niliyoulizwa, pamoja na namna ambavyo ningependa kulipa, hakuna aliyeuliza kadi ya chanjo. Na ikiwa Shemeji angepokelewa bila kadi, basi na jirani yake wa chumba cha pili angekuwa amepokelewa vivyo hivyo. Kuna homa moja ya paka ambayo hushambulia utumbo na kuzimaliza chembe nyeupe za damu, na virusi vyake hudumu sakafuni na kwenye vyombo miezi mingi hata baada ya mgonjwa kuondoka. Kuna mafua yao mawili ambayo husambaa kwa chafya na kwa bakuli la maji. Na kuna kichaa cha mbwa, ambacho pamoja na jina lake hakijawahi kumbagua paka wala mwenye paka. Mahali pasipouliza kadi ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa bei ya ng’ombe.

Nyumba niliyoiona ya maana niliipata Kimara, kwa mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye amegeuza vyumba vya uani kuwa malazi ya paka pekee, na hapo sasa ndipo nilipoteswa. Aliniketisha kwenye kigoda, akafungua daftari kubwa, na kwa muda mrefu nilijiona kama kijana aliyepeleka posa katika nyumba asiyotakiwa. Paka anakula nini, saa ngapi, kwenye sahani au bakuli? Amezoea mchanga au maranda ya mbao? Akikojoa hukojoa mara ngapi kwa siku? Nilisema sijawahi kumhesabia. Akanitazama kwa masikitiko, akaniambia, “Baba, dume akiziba mkojo, siku moja au mbili tu unampoteza. Mimi huhesabu madonge ya mchanga uliolowa kila asubuhi.” Akanigeuzia daftari nikaona. Kila paka alikuwa na ukurasa wake na safu zilizopigwa rula: amekula, amekunywa, mkojo, choo, kutapika. Mmoja aliandikiwa kwa wino mwekundu: “Ananuna, lakini anakula.”

Nikaonyeshwa kila chumba bila kuomba. Mlango wa kwanza wa wavu ulifungwa nyuma yetu kabla wa pili haujafunguliwa, ili paka mwenye mawazo ya kutoroka aishie katikati. Kila mmoja alikuwa na chumba chake chenye rafu ya juu ya kukaa na sanduku la kujificha, na beseni la mchanga liliwekwa pembe ya mbali na chakula. Nilivuta pumzi kwa nguvu nikitafuta harufu ya kulalamikia, sikuipata. Aliniagiza nije na chakula kile kile anachokula nyumbani, na kanga kuukuu ya mke wangu ambayo haijafuliwa, ili Shemeji awe na harufu ya kwao. Mke wangu alifurahi sana kusikia kwamba harufu yake ni tiba. Mimi nilipouliza kama shati langu linafaa, nikaambiwa tusizidishe.

Kisha akaidai kadi. Akanieleza kwamba chanjo haipigwi mlangoni kama tiketi ya mpira, kwamba mwili unahitaji wiki kadhaa ili kinga ikomae, na kwamba nisipokamilisha mapema nisimpigie simu siku ya kusafiri nikilia. Tena akataka niandike ni nani atakayefanya uamuzi Shemeji akiugua sisi tukiwa Rombo, na ni kiasi gani cha fedha daktari anaruhusiwa kutumia bila kuuliza. Mimi mwenyewe sijawahi kuandikiwa karatasi ya namna hiyo na mtu yeyote wa nyumbani kwangu.

Yule shemeji wa pili, yaani wa kuzaliwa, aliposikia gharama alishindwa kumalizia chai yake. “Shemeji,” akaniambia, “nipe mimi nusu ya hizo fedha, nibaki hapa nyumbani nimlinde.” Kwa kanuni ya paka hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu hata yule mama wa Kimara alisema kwamba paka huishika nyumba kuliko anavyowashika watu, na kwamba akipatikana mtu mzima mwaminifu wa kumhudumia asubuhi na jioni, ni heri abaki kwao. Tatizo lilikuwa kwenye yale maneno matatu, mtu mzima mwaminifu. Huyu bwana aliwahi kuachiwa maharage jikoni wakati wa mechi ya Simba na Yanga, na sufuria ile hadi leo tunapandia mchicha. Nikamwambia abebe begi lake, safari ya Rombo inamhusu.

Nikalipa kishika nafasi, na mama wa Kimara, ambaye haandiki kitu nusunusu, akanipa risiti iliyosomeka hivi: “Malazi ya Shemeji kipindi cha Krismasi, pamoja na chakula, mchanga na uangalizi wa choo.” Mke wangu, kwa nia ya kuwaonyesha watu kwamba mambo yamekamilika, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao bila maelezo. Jioni ile ile mama mkwe alinipigia akilia, akanishukuru kwa moyo wangu wa kumgharamia mwanawe, kisha akauliza ugonjwa huo ulimwanza lini, kwa nini familia ilifichwa, na huo mchanga ni wa nini. Nilijaribu kumweleza kuhusu paka, akasema nisimfiche kwa mafumbo, yeye ni mtu mzima. Kikao cha ukoo kimepangwa tarehe 26 Desemba, na nimeagizwa nifike na risiti halisi.