Nusu ya Kadutu

Juzi umeme umerudi saa tano za usiku. Nikasema leo nanyoosha mgongo kama mheshimiwa. Mara binti yangu wa mwaka wa saba huyo na daftari: "Papa, panga kutoka ndogo hadi kubwa: 2/5, 0,35, 3/8, 1/3."

Nikakohoa kisomi. Nikamwambia kubwa ni 3/8, nane hiyo si unaiona? Mtoto akanitazama kwa huruma. "Papa, 3/8 ni 0,375. 2/5 ni 0,4." Basi! Mia tatu sabini na tano inashindwaje na nne? Eti 0,4 ni sawa na 0,400. Yaani sifuri wanaongezewa bure, na mshahara wangu hata sifuri moja haijauona.

Jana nikaenda naye soko la Kadutu, hapa Bukavu, aone hesabu ya watu wazima. Nikaomba nusu guigoz ya maharagi, lile kopo la maziwa ya unga wanalopimia sokoni. Mama muuzaji akachota kwa kopo lake la nusu, akarundika mpaka likaota kilima. Nikafurahi. Mtoto akainama, akachungulia chini. Kitako kimebonyezwa kwenda ndani kama tumbo la mtu aliyefunga siku tatu.

Mtoto akaazima kikopo cha nyanya kwa muuzaji jirani. Guigoz nzima ya huyo jirani inaingia vikopo 8. Akapima zetu: cha kwanza, cha pili, cha tatu... mfuko mtupu.

"Papa, hii si nusu. Ni tatu juu ya nane."

"Juu ya nani?" mama akawaka. "Hapa soko hakuna aliye juu ya mwenzake! Nusu hii nimeikuta kwa mama yangu!"

Watu wakajaa. Nikatengeneza kola, nikajifanya hakimu: "Mama yangu, tusifike mbali. Nusu ni 4/8, umetupa 3/8, imebaki moja tu."

"Moja tu?"

"Moja tu, mama."

Akachagua punje moja ya maharagi, tena yenye tundu la mdudu, akaniwekea kiganjani. "Haya papa, moja yako hiyo."

Soko zima likacheka, na binti yangu naye! Mimi ninayemlipia shule! Nikatupa ile punje, nikaiokota tena, maana bei ya maharagi mnaijua.

Kurudi, motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria, akaikataa dola yangu eti imechanika pembeni. Ukucha wa mtoto mchanga ni mkubwa kuliko hicho kitobo. Nikamwambia kilichobaki ni zaidi ya 0,99. Akaigeuza mara mbili juani, akanirudishia. Sasa imo ndani ya Biblia, inanyooka, na mke wangu anauliza tangu lini nimeanza kuichungulia Biblia kila saa.