Njoo Ijumaa

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, mwaka wa ishirini na mbili huu. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mteja kwamba nguo yake sijaigusa. Hiyo si lugha ya kazi. Gauni linaweza kuwa bado limekunjwa vilevile kama lilivyotoka dukani, halijaonja mkasi, lakini mwenyewe akitokea namwambia, "Dada, imebaki vifungo tu, njoo Ijumaa." Anaondoka ameridhika, nami nabaki na amani yangu.

Mwaka huu Mungu amechukua futi yangu mwenyewe akanipimia nayo.

Binti yangu Rehema amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB. Matokeo yakatoka Julai: Bailojia B, Kemia C, Fizikia C. Wani ya nane, yaani daraja la kwanza kwa pointi nane! Nilifunga kibanda nusu siku nikawa napita mtaani kusalimia watu ambao kwa kawaida siwasalimii. Jirani yangu, mwanawe kapata tuu ya kumi, nikampa pole kwa sauti ya kutosha.

Kumbe pole ile niliitoa mapema. Nikaenda stesheneri kuulizia mambo ya chuo, kijana wa pale akanifungua macho. Baraza la Mitihani, A ni pointi moja, B mbili, C tatu; mwenye pointi chache ndiye mbabe. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wao wamegeuza: A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, mwenye nyingi ndiye mbabe. Kwa hiyo Rehema wangu wa nane, akivuka tu barabara kwenda TCU, anakuwa wa kumi. Na yule wa jirani wa kumi anakuwa wa nane. Nilikaa na jambo hilo kwenye benchi la stesheneri mpaka soda ikaisha ubaridi. Nguo moja, ukiigeuza ndani nje inabadilika saizi! Sisi mafundi tungefanya hivyo tungepigwa.

Nimeenda mimi kwa sababu mwenyewe alikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mujibu wa sheria. Dirisha la maombi limefunguliwa, mtoto yuko kambini anaruka kichura, simu hana. Baba mtu ndiye nikavaa viatu vya mwombaji. Vyuo vitatu, kila kimoja na ada yake ya maombi, na kila ada na namba yake ya malipo yenye tarakimu ndefu kuliko foleni ya Kilwa Road saa kumi na moja jioni.

Tukajaza. Chuo cha kwanza, udaktari. Huko ndiko roho yake iliko. Tangu darasa la tano huyu mtoto anapima watu presha kwa kamba ya cherehani. Chuo cha pili, Dodoma, udaktari tena, halafu chini yake ualimu wa sayansi. Chuo cha tatu, Sokoine pale Morogoro. Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na naomba haya yabaki kati yangu na wewe. Kijana wa stesheneri akasema, "Mzee, kuna visanduku vimebaki wazi, tujaze nini?" Nyuma yangu kuna watu kumi na mmoja wanataka kutoa kopi, mmoja ananikoholea kwenye shingo. Nikasema jaza tu chochote visibaki wazi. Akajaza chochote.

Majina yalipotoka, chuo cha kwanza kimya. Dodoma wamempa ualimu wa sayansi. Morogoro wamempa chochote.

Chochote chenyewe ni Shahada ya Sayansi ya Ufugaji wa Viumbe Maji. Nimeuliza tafsiri. Samaki.

Rehema alikuwa ameshatoka kambini, mweusi tii, anasimama wima kama nguzo ya umeme. Akaangalia karatasi. "Baba, samaki nimeomba saa ngapi?" Nikamwambia mfumo, mwanangu. Mifumo ya siku hizi, we acha tu.

Mama yangu yuko Kilwa Kivinje. Nilimpigia kumpa habari, mstari ukawa kimya, nikadhani salio limekata. Halafu nikasikia, "Samaki anafugwa? Kwani ameota miguu?" Nikamweleza kuhusu mabwawa. "Na huko Morogoro kuna bahari?" Hakuna, mama. "Basi mtoto wa Kilwa, babu yake mvuvi, baba wa babu yake mvuvi, anapanda basi kwenda bara milimani kufundishwa samaki." Hakuniuliza, alinisomea tu, kama hukumu.

Sasa ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja. Wenyewe wanaita kukonfemu. Tume inakutumia namba ya siri kwenye simu, unaingia kwenye akaunti yako, unaiweka, mambo yameisha. Na namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu ni ya nani? Ni yangu. Na simu yangu ni kiswaswadu, kumbukumbu yake inaingia meseji chache, zikijaa hakuna kitu kinapita. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijatia uzi kwenye sindano nafagia meseji: umeshinda milioni kumi, futa. Bashiri mechi hii upate mara tatu, futa. Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu, futa. Herufi na tarakimu zimechanganywa hazieleweki, mtumaji hana jina la kikristo wala la kiislamu, futa.

Ndiyo. Niliifuta.

Mke wangu hajasema kitu. Ameacha tu kuniwekea chumvi. Kijana wa stesheneri alituambia tunaweza kuomba namba nyingine kupitia akaunti, akatusaidia, akachukua elfu mbili yake. Naanza kuamini kwamba nchi hii ina vyuo vikuu viwili tu vya kweli, stesheneri na kijiwe cha bodaboda.

Maana kijiweni nako ushauri haukatiki. Mmoja anasema akonfemu ualimu, mwalimu hafi njaa. Mwenzake akamgeukia: mwalimu hafi njaa akiajiriwa. Wakagombana wenyewe mpaka abiria akatembea kwa miguu. Shemeji yangu akasema Dodoma, kwa sababu kuna treni ya umeme, atakuja kusalimia. Nimemwuliza kama mtoto anasomea treni. Mteja wangu mmoja, nesi, ndiye aliyetoa la maana: "Fundi, kama anautaka udaktari, asikonfemu haraka. Watoto wenye pointi kubwa wamechaguliwa vyuo vitatu vitatu, lakini matako ni mamoja, hayakalii viti vitatu. Wakishachagua, nafasi zinarudi, zinaingia awamu ya pili."

Hili likaniingia. Nikavaa shati la Ijumaa nikaenda mwenyewe kwenye kile chuo cha udaktari. Sikitaji jina, mtoto bado anaweza kukihitaji. Mlinzi akaniuliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa anayehusika. Akacheka, akanipitisha. Nikakuta foleni ya wazazi, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani, na mama mmoja amekuja na chai kwenye chupa kabisa, anajua vita ni virefu.

Zamu yangu ikafika. Dada wa dirishani, kucha ndefu, mpole. Nikamweleza kisa chote kuanzia darasa la tano. Akaangalia kompyuta.

"Baba, sifa anazo. Nafasi ndiyo zimejaa."

"Lakini zinarudi?"

"Zinaweza kurudi. Imebaki kidogo tu, wenzake wathibitishe kwingine."

"Zinarudi ngapi?"

"Haijulikani, baba. Wewe pitia pitia. Njoo hata Ijumaa."

Mwili ukanifa ganzi. Nilimtazama yule dada, akanitazama, kwa macho yale yale na tabasamu lile lile. Imebaki kidogo tu. Njoo Ijumaa. Nikajua mwanangu hajaguswa na mkasi, bado amekunjwa kwenye mfuko.

Ijumaa nilikwenda. Akaniambia Jumatatu.

Huku nyuma, fomu ya mkopo nayo inataka yake. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo. Wakili agonge muhuri. Serikali ya mtaa isaini. Wakili sikupata taabu, alitaka hela tu. Tatizo mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ana suti yake kwangu tangu Ramadhani. Nilipoingia ofisini na fomu, akaisoma kurasa zote, hata zisizomhusu, akavua miwani. "Fundi, fomu yako nzuri. Imebaki sahihi tu. Pita Ijumaa."

Nikarudi nikashona suti usiku kucha, Rehema akanishikia tochi umeme ulipokatika. Saa moja asubuhi nikaipeleka ikiwa bado ya moto na pasi. Akaivaa juu ya msuli, akajigeuza kwenye kioo cha kabati la mafaili, akasaini. Sahihi yenyewe mstari mmoja! Usiku kucha nimekesha kwa mstari mmoja.

Usiku ule wa tochi ndiyo tuliongea, maana mtu anayekushikia mwanga huwezi kumdanganya sana. Nilimwambia ukweli wa visanduku. Nilitegemea alie. Akanyamaza, nikapiga mshono mzima wa mguu wa suruali, akasema, "Baba, sato kilo bei gani siku hizi?"

Nikamtajia niliyouziwa juzi.

"Na kibua?"

Nikamtajia. Akafanya hesabu kichwani. Nikamwona anafanya, midomo inacheza. Akasema huko kambini walikuwa na mwenzao wa Songea, baba yake ana mabwawa matatu, ndiye aliyemlipia ada kuanzia kidato cha kwanza, na mfadhili wa hayo yote alikuwa perege. "Ualimu sitaki, nitapiga watoto. Tungojee udaktari mpaka siku ya mwisho. Usipokuja, nakwenda Morogoro."

Siku ya mwisho ya kuthibitisha, dirisha lilikuwa linafungwa usiku. Tulikaa watatu tumezunguka kiswaswadu kama watu wanaoota moto. Saa mbili, kimya. Saa tatu ikaingia meseji, mke wangu akaruka, tukafungua: umeshinda milioni kumi. Saa nne na nusu Rehema akanyoosha mkono nikampa buku, akaenda stesheneri, mimi nyuma yake, na kijana alikuwa hajafunga, alikuwa na watoto wengine saba wa aina hiyo hiyo wenye macho mekundu. Akaweka namba ya siri. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka, ikakubali. Samaki.

Tulirudi nyumbani kimya, akanunua muhogo wa kukaanga njiani tukala tukitembea. Akaniambia nisifute meseji tena, huenda awamu ya pili wakamkumbuka, na aliyekwisha thibitisha bado anaweza kujitoa. Kwa hiyo sasa sifuti. Simu imejaa mpaka shingoni, nina wapenzi wa bahati nasibu arobaini, na meseji mpya haiwezi kuingia hata ikitoka Ikulu.

Mama Kilwa nimemwambia. Akasema sawa, ila nimuulize mtoto hao samaki wa bara wanalishwa nini, isije ikawa mambo ya ajabu, maana yeye samaki wa kulishwa hali.

Asubuhi yake akaja yule dada mwenye gauni la harusi ya mdogo wake, harusi ni Jumamosi. Mimi na mauzauza yote haya, gauni kweli sijaligusa. Nikainua kichwa, nikafungua mdomo kwa mazoea: "Dada yangu, limebaki vifungo..."

"Usihangaike, fundi," akasema. "Nilinunua vitambaa viwili, kimoja nikapeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye amemaliza. Nimeshakonfemu kule."

Akanyoosha mkono nimrudishie kitambaa chake. Nikakitoa kwenye mfuko, kimekunjwa vilevile na risiti yake ya dukani juu, nikamuuliza kama harusi hiyo haina awamu ya pili.