Ruhusa ya kuandika iko mikononi mwa nani?

Namshukuru mwandishi kwa makala yake, ila kauli kwamba hati za ardhi za Uganda zikihamishiwa kwenye blokucheni ya ruhusa (daftari la kidijitali lenye nakala nyingi, linaloandikwa na walioruhusiwa tu) "hazitaghushiwa tena" inahitaji kuangaliwa upya. Tofauti na Bitcoin, sarafu ya kidijitali ambayo tangu 2009 mtu yeyote anaweza kujiunga nayo bila kujitambulisha, mfumo wa ruhusa kama Hyperledger Fabric humpa kila mshiriki cheti cha kidijitali, na muamala haukubaliwi mpaka uthibitishwe na taasisi zilizokubaliwa tangu mwanzo, kwa mfano msajili wa ardhi, benki iliyotoa mkopo na mamlaka ya kodi, kila moja ikitunza nakala yake kwenye kompyuta yake. Hapo ndipo penye uzito wote. Iwapo kompyuta hizo zote zinamilikiwa na ofisi moja, kilichojengwa ni hifadhidata ya kawaida yenye gharama kubwa zaidi.

Aidha, mfumo hulinda kilichoandikwa. Haujui kama ni kweli. Kiwanja cha mailo, aina ya umiliki wa ardhi nchini Uganda, chenye wadai wawili (nimeona ndugu zangu wakiteseka kwa jambo hili) kitabaki na mgogoro uleule endapo hati ya uongo ndiyo itakayoingizwa kwanza. Hata kuzishirikisha taasisi si rahisi: TradeLens, blokucheni ya ruhusa ya kufuatilia shehena za meli ya kampuni za Maersk na IBM, iliyozinduliwa 2018, ilifungwa mwanzoni mwa 2023, na wenyewe walieleza kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana. Basi tuulize mapema: ni taasisi zipi zitakazothibitisha, na nani atakayeziondolea ruhusa zikikosea?