Kabla Hamjaiamini Ile Picha

Najua mshaiona, ile picha yangu na ngoma. Iliondoka Ennis, mji wa huku Ireland ninakoishi, Jumamosi saa tano usiku, Jumapili asubuhi ilikuwa Dublin, adhuhuri ikafika Kisauni, na jioni binamu yangu wa Muscat akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili, dakika moja na nusu ni kicheko kitupu. Kwa hivyo naandika. Si kujitetea. Haya, ni kujitetea, lakini kwanza kuna mambo mawili ambayo rafiki yangu wa Kisumu ameyamwaga kwenye kundi la WhatsApp bila haya, na nataka tuyanyooshe.

La kwanza: sikuwa nimelewa. Nilikuwa nakunywa soda ya machungwa, na risiti ninayo. La pili: sikuikalia ile ngoma. Itazameni picha tena. Mtu aliyekalia ngoma, uso wake unatokezaje upande wa pili?

Kwa wageni wa ukurasa huu: mwenzenu natunza wazee huku Clare, magharibi mwa Ireland, ambako mvua hainyeshi, inaishi. Muziki wa watu hawa niliupatia kazini. Kuna mzee mmoja hamezi dawa mpaka awekewe santuri, na huku akimeza anakufunza kwa nini santuri hiyo ni takataka. Kwa maoni yake muziki wa Ireland ni fidla moja, jiko moja, majirani wamekaa kimya. Basi. Ubaya ulianza pale mtunzi wa muziki Seán Ó Riada alipowakusanya wapigaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaunda kundi la Ceoltóirí Chualann, huyu anaingia, yule anatoka, kama okestra. Mwaka 1962 ikazaliwa bendi ya The Chieftains. Mwaka 1972 wakaja bendi ya Planxty na bouzouki, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu. “Chombo cha Wagiriki!” mzee hulia, kijiko kikiwa bado mdomoni. Mwaka 1975 Bothy Band wakaanza kupiga kwa kasi ya matatu iliyochelewa feri ya Likoni. (Matatu ni yangu. Yeye alisema farasi.)

Mimi humwitikia “ndiyo mzee, ndiyo mzee,” na moyoni niko na wahalifu. Jamani, mimi nimelelewa na taarabu. Fidla, kodiani na udi kwangu ni ndugu wa tumbo moja, na fidla iliyoachwa peke yake naionea huruma kama mtoto aliyesahaulika madrasa. Hizi bendi za sasa ndizo zilizonimaliza. The Gloaming, kwa mfano: fidla ya Martin Hayes, ambaye ni mtoto wa Clare hii hii, imekutana na piano, gitaa na mwimbaji wa mtindo wa kale, na kwenye albamu yao ya kwanza ya 2014 kuna kipande kinachopita dakika 16. Kinaanza kama mtu anayefungua mlango taratibu asiwaamshe waliolala. Zamu za usiku nakisikiliza kwa sikio moja, jingine nawaachia wazee. Kikifika dakika ya kumi na kitu, naanza kukunja mashuka kwa mahadhi.

Halafu kuna jigi, muziki wao wa kuchezea. Jigi ni mapigo ya sita kwa nane, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama katikati ya ukumbi na beseni mkononi. Nikasema hii mbona chakacha! Imevaa sweta, imenyeshewa, lakini kiuno ni kile kile.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilijiona mwenyeji.

Jumamosi, huyo wa Kisumu akanipeleka kwenye sesheni. Msiowahi kuona: hakuna jukwaa, hakuna maikrofoni, hakuna kiingilio. Wapigaji wamejikunja duara kwenye kona ya baa, wametazamana, sisi wengine tumepewa migongo. Hakuna anayetangaza kitu. Kila kipande kina sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, kipande kizima kinazungushwa mara tatu hivi, halafu mzee wa fidla anainua unyusi. Unyusi mmoja tu, wa kushoto! Na wote wanageuka pamoja kuingia kipande kingine, kama shore wanaogeuka juu ya mwembe. Nilikesha nautazama ule unyusi. Sikuwahi kuuwahi.

Kulikuwa na fidla, filimbi ya mbao, bouzouki, na ile nzumari yao ya mfuko, uilleann, inayojazwa upepo kwa mvukuto wa kwapani. Jina lenyewe ni kiwiko. UNESCO waliuingiza upigaji wake kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2017, na kijana aliyeipiga alitoka jasho la urithi kweli kweli. Na pembeni, bega kwa bega na mimi kwa sababu kiti kilichobaki kilikuwa cha karibu na moto, kijana wa bodhrán, ngoma yao. Wanaitamka baurani. Ni duara kama ungo, limewambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja. Mkono mmoja unaingia nyuma ya ngozi, wa pili unashika kijiti kifupi chenye vichwa viwili.

Ngozi ya mbuzi. Mnaniona naelekea wapi?

Ami yangu amepiga ngoma za harusi Mombasa tangu sijazaliwa. Kazi yangu utotoni ilikuwa moja: kuwasha makuti na maboksi nyuma ya nyumba ya harusi na kuzipasha ngoma mpaka ngozi ikaze. Unapasha, unagonga kwa ukucha. Du. Bado. Unapasha. Ti. Tayari, mpelekee Ami. Hiyo ndiyo shahada yangu, na nimeitaja kwa watu wengi kuliko ile ya uuguzi.

Sasa ile bodhrán sauti yake ilikuwa duuu, chini kabisa, kama mtu anayegumia chumba cha pili. Nikajua. Ngoma imelala. Na baridi ya Clare ile, ngozi gani isingelala? Nikamhurumia yule kijana. Anapiga kwa ufundi wote huo na hana Ami.

Walipopumzika, kijana akasimama kwenda kaunta. Akanipa ngoma yake magotini, akaniambia kwa lafudhi ya huku, maneno yote yamefungwa furushi moja, nimtunzie. Nakumbuka vizuri: nimtunzie. Kumbe alimaanisha niishike isikanyagwe. Lakini nyie, mimi kutunza ndio mkate wangu. Ukiniambia tunza, mimi siwezi kukaa tu na kitu magotini.

Hapo ndipo bibi mmoja aliyekuwa kimya kwenye kona usiku kucha alipofumba macho akaanza kuimba.

Peke yake, bila chombo, kwa Kiayalandi. Wanaita sean-nós, mtindo wa kale, na unapoanza baa nzima hukata roho. Aliyekuwa akijaza bia aliuachia mpini wa bomba. Jamaa aliyekuwa akitueleza bei ya ng’ombe alifunga mdomo neno likiwa nusu. Mzee wa fidla akamshika bibi mkono, akawa anauzungusha polepole, kama wawili wanaosaga pamoja kwenye jiwe moja. Watu wakainamisha vichwa. Nami nikafumba macho.

Nikafumbua jicho moja. Nikaitazama ngoma. Ngoma ikanitazama.

Nikaigonga kwa ukucha, kidogo sana. Duu. Maskini. Na moto uko hapa, hatua moja, moto wa ile tofali ya udongo wa kinamasi wanayoianika ikawa kuni, hauna miali mikubwa, ni kaa tu jekundu linalopumua. Moto mzuri kuliko wetu wa maboksi. Nikasogeza kiti bila sauti. Nikaielekeza ngozi kwenye moto, nikaanza kuizungusha robo kwa robo, kama chapati juu ya chuma.

Ubeti wa pili, ngozi ikaanza kuitika. Nikagonga: du-i. Wallahi nilitabasamu. Nilishamwona kijana anarudi, anapiga pigo la kwanza, anageuka, “Nani amefanya hivi?” na mimi nainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ubeti wa tatu ikaja harufu. Waliokulia nyumba za kuchinja wanaijua: kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa asubuhi ya Idi. Mama wa meza ya pili akainua pua bila kufumbua macho. Kwenye ukingo wa ngozi kulikuwa na utepe mweusi wa plastiki, nikashangaa wa nini, nao ukaanza kujikunja kama unataka kuniambia jambo.

Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikasema, robo moja bado.

Bibi akafika ubeti wa mwisho. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, nyembamba kama uzi wa kudarizia kofia, akaishikilia juu hapo mpaka nikasahau kupumua. Kisha akanyamaza avute pumzi kabla ya maneno ya kumalizia. Nyumba nzima, watu arobaini au zaidi, ikavuta pumzi pamoja naye.

PAAA!

Si pa ya ngoma. Pa ya gurudumu la lori Mariakani.

Mbwa aliyelala chini ya meza alitoka bila kuaga. Kuna glasi iliyoanguka mahali ikawa inazunguka sakafuni, zunguka, zunguka, na hakuna aliyethubutu kuisimamisha. Tuliisikiliza sote mpaka ilipotulia. Macho yote yakafumbuka, na yote yalijua njia ya kuja kwangu.

Nilitaka kujificha, na cha kujifichia nilikuwa nacho mkononi. Nikainua ngoma, nikafunika uso. Nikakaa pale nyuma yake nikajituliza: sasa hawanioni, sasa hawanioni. Ikanichukua muda kutambua kwamba mimi nawaona. Wote. Vizuri. Ngozi ilikuwa imepasuka ukingo hadi ukingo, imejikunja huku na huku kama pazia la jukwaa, na katikati ya duara la mbao niko mimi, nimetoa macho, picha ya pasipoti.

Mwanga wa simu ukawaka. Mnajua ya nani.

Bibi akafumbua jicho moja. Akanitazama, akalifumba, akayasema maneno yake ya mwisho kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa. Hakuyaimba. Baadaye niliambiwa waimbaji wengi wa kale hufunga hivyo, maneno ya mwisho husemwa tu. Wakati ule sikujua. Niliamini nimeua ngoma na wimbo kwa risasi moja.

Na kijana akarudi kutoka kaunta. Mkononi ana bia yake, na mkono wa pili, jamani, ana soda ya machungwa. Ameninunulia. Ahsante ya kumtunzia.

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Niliomba radhi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na nadhani kwa Kiarabu. Nikatoa pochi, akaikataa, nikalazimisha, tukakubaliana nalipa ngozi mpya na fundi. Ndiyo sababu mtaniona zamu za usiku mpaka mwisho wa mwezi. Mzee wa fidla alicheka hadi akapangusa fidla machozi, akasema hata babu yake alikuwa akiiweka bodhrán motoni, ila babu alikuwa anaangalia. Kijana, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, akanigeuzia fremu akanionyesha ndani. Skrubu. Zimepangwa duara zima. Ngozi inakazwa na kulegezwa kwa ufunguo mdogo anaotembea nao mfukoni. Haikuwa imelala. Aliilaza mwenyewe! Ngozi aliichagua nyembamba, utepe aliubandika kuua mlio wa ukingoni, na duuu ile yote aliitafuta makusudi, kwa sababu kwenye bendi za leo bodhrán inashika nafasi ya gitaa la besi, na ule mkono wa nyuma ndio unaobadilisha sauti kupanda na kushuka. Alikuwa anapiga kitu ambacho Ami angekaa chini akisikilize. Mimi nilikuwa nataka aipige ya mwaka arobaini na saba.

Jumatatu kazini habari zilishafika. Mzee wangu wa santuri alimeza dawa zote mara moja, bila muziki. Anasema hilo ndilo jambo la maana zaidi kufanyiwa bodhrán tangu Ó Riada aitoe kwa vijana wa 26 Desemba, waliokuwa wakiizungusha nyumba kwa nyumba, akaipa kiti kwenye bendi. Ameomba picha. Nimekataa. Ameipata kwa muuguzi mkuu.

Usiku nikampigia Ami nipate angalau mtu wa kunionea huruma. Akanisikiliza mwanzo hadi mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

“Ngozi ilikuwa nyembamba?”

“Nyembamba sana, Ami.”

“Na ngozi nyembamba nilikwambia nini?”

Nikanyamaza. Kuna harusi moja sikuwaambia habari zake hapo juu, na sikuwa na nia ya kuwaambia.

“Hii sasa ni ya ngapi?”

“Ya pili, Ami.”

“Ya tatu,” akasema, akakata simu.